Mfupa wa Njiwa Jike

Upasue mfupa wa paja wa njiwa dume, utakuta ndani yake tundu lenye uroto laini. Upasue wa njiwa jike aliyebakiza siku chache kutaga, utakuta tundu lilelile limejaa vijiti vyembamba vya mfupa mpya, vimepitana huku na huku kama vijiti vya kiota. Hilo ni ghala la kalsiamu, ambalo ndege huyo atalichota kujengea ganda la yai. Mayai yakishatagwa, ghala hutoweka. Watafiti wawili wa Marekani, Kyes na Potter, waliliandika jambo hilo mwaka 1934, na baada ya miaka michache wenzao wakaonyesha kwamba njiwa akidungwa estrojeni, homoni ya kike, mifupa yake hujaa vivyo hivyo hata kama hana yai la kutaga.

Fuller Albright, daktari wa hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, aliifahamu habari hii ya njiwa, na haikumtoka. Alikuwa akifanya kazi katika Wodi Namba 4, wodi ndogo iliyotengwa kwa ajili ya utafiti. Humo kila tonge la mgonjwa lilipimwa kwenye mizani kabla halijaliwa, na mkojo na choo vikakusanywa na kupimwa pia. Lengo lilikuwa kujua ni kalsiamu kiasi gani imeingia mwilini na kiasi gani imetoka. Ikitoka nyingi kuliko iliyoingia, hakuna mahali pengine ilikochotwa ila mifupani.

Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wanawake wenye maumivu ya mgongo ambayo hayakuwa na kisa cha kueleweka. Hawakuanguka kutoka juu wala hawakugongwa na gari. Mtu wa namna hii huinama kuokota kijiko, au hunyanyua ndoo ya maji aliyoizoea, akasikia mgongo umekatika. Eksrei inaonyesha pingili ya uti wa mgongo imebonyea kama boksi la karatasi lililokaliwa. Pingili zikibonyea mbili tatu, mtu hupungua kimo, na wanaoishi naye huijua dalili hiyo kabla ya daktari: gauni lililomfika kifundoni mwaka juzi, mwaka huu linaburuza.

Mwaka 1941 Albright, pamoja na Patricia Smith na Anna Richardson, alichapisha hesabu yao. Walikuwa na wagonjwa 42 wa ugonjwa huo, wote chini ya umri wa miaka 65. Kati yao, 40 walikuwa wanawake waliokwisha koma hedhi.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu iliangusha jibu lililokuwa limekaa zaidi ya miaka mia moja. Jibu hilo lilikuwa uzee. Mwaka 1822 Astley Cooper, mpasuaji mashuhuri wa London, alieleza katika kitabu chake cha mivunjiko kwamba shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia nyongani, huvunjika kwa wazee, wanawake hasa, kwa jambo dogo kama kuteleza kwenye ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Aliona pia kwamba mifupa ya wazee hao ina ganda jembamba na ndani yake ni kama sifongo. Jean Lobstein wa Strasbourg akaupa ugonjwa jina, osteoporosisi, yaani mfupa wenye vitundu. Mwaka 1885 Gustav Pommer wa Austria akautenganisha na ugonjwa mwingine wa mifupa laini iliyokosa madini. Katika osteoporosisi mfupa uliopo ni mzima, ila ni mchache. Wote watatu waliona vizuri. Lakini mtu alipouliza kwa nini mfupa umekuwa mchache, aliambiwa: miaka.

Kwetu pia ndivyo tunavyosema. Bibi akilalamika mgongo, anaambiwa, "Bibi, huo ni utu uzima," naye anaitika na kunyamaza. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na anayeyasema hana nia mbaya. Ila neno hilo hufunga mlango. Hesabu ya Albright iliufungua: kama sababu ni miaka tu, wanaume waliozaliwa siku moja na wanawake hao walikuwa wapi? Kuna kitu kilichowatoka wanawake ambacho wanaume hawakukipoteza kwa ghafla hivyo. Njiwa alikwisha mwambia ni kitu gani.

Akawapa wagonjwa wake estrojeni, akarudi kwenye mizani ya Wodi Namba 4. Kalsiamu iliyokuwa ikipotea ikaanza kubaki mwilini. Alikosea jambo moja. Aliamini kwamba estrojeni inawahimiza wajenzi wa mfupa. Leo tunajua kwamba mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote ya mtu: zipo seli zinazokula mfupa mkuukuu na zipo zinazoweka mpya mahali pake, na estrojeni kazi yake kubwa ni kuwashika mkono wabomoaji. Hedhi ikikoma, wabomoaji huachiwa, na wajenzi, hata wakijitahidi, hawawafikii. Lakini hata kwa nadharia iliyopinda, matibabu yalinyooka.

Albright mwenyewe alifanya kazi hii akitetemeka mikono. Ugonjwa wa Parkinson ulimshika kabla hajafika miaka 40, akaendelea kuona wagonjwa na kuandika kwa msaada wa wenzake. Mwaka 1956 alikubali kufanyiwa upasuaji wa ubongo uliokuwa mpya wakati huo, damu ikavuja kichwani, na hakusema tena. Aliishi miaka 13 akiwa mgonjwa asiyezungumza katika hospitali ileile aliyoijengea jina, hadi alipofariki mwaka 1969.

Katika miaka hiyo estrojeni ilishika njia yake. Tangu mwaka 1942 Marekani iliuzwa Premarin, dawa iliyotengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba. Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu kilichowaahidi wanawake ujana usiokoma, na vidonge vikawa vinamezwa na mamilioni, wengi wao si kwa sababu ya mifupa. Naona hapo ndipo jambo jema lilipoharibiwa. Dawa yenye kazi moja ya kueleweka iligeuzwa kuwa dawa ya kila kitu, na ilipokuja kudaiwa gharama yake, mfupa nao ukalipishwa. Mwaka 1975 tafiti mbili zilizochapishwa pamoja zilionyesha kwamba wanaotumia estrojeni peke yake hupata zaidi saratani ya utando wa mji wa mimba. Wanawake wakaitupa. Mwaka uliofuata, mjini Glasgow huko Uskoti, Robert Lindsay na wenzake wakaonyesha kwa vipimo vya miaka kadhaa kwamba wanawake waliotolewa ovari na kupewa estrojeni mifupa yao haikupungua, ilhali ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa iliendelea kuisha. Ushahidi bora ulifika wakati masikio yameziba.

Lindsay aliweza kupima kwa sababu kipimo kilikuwa kimepatikana. Eksrei ya kawaida huonyesha upungufu pale sehemu kubwa ya mfupa imekwisha kwenda, na hapo umechelewa. Mwaka 1963 John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipitisha mwale mwembamba wa mionzi kwenye mfupa wa mkono na kuhesabu kiasi kilichotokea upande wa pili. Mionzi mingi ikipita, mfupa ni mchache. Kutoka hapo zikaja mashine za kupima nyonga na uti wa mgongo, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaweka mpaka: mwanamke ambaye msongamano wa mfupa wake uko chini ya wastani wa mwanamke kijana kwa mikengeuko sanifu 2.5 au zaidi, huyo ana osteoporosisi.

Namba ni kitu kizuri, lakini namba humfanya mtu asahau alichokuwa anakitafuta. Mfano mkubwa ni madini ya floraidi. Ilijulikana kwamba watu wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi mifupa yao huwa mizito. Basi Lawrence Riggs na wenzake wa Mayo Clinic waliwachukua wanawake 202 wenye osteoporosisi, wote wakapewa kalsiamu, na nusu yao wakaongezewa floraidi kwa miaka 4. Kwenye mashine matokeo yalikuwa ya kufurahisha mno: mfupa wa uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35. Walipohesabu mivunjiko, pingili zilizovunjika hazikupungua kwa kiasi cha kutegemeka. Mivunjiko ya mahali pengine ilikuwa 72 kwa waliopewa floraidi na 24 kwa wasiopewa. Mfupa ulikuwa umenenepa na kuwa mbovu, kama ukuta wa tofali nyingi zisizochomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na tangu hapo kila mtafiti wa fani hii huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: wangapi wamevunjika?

Dawa iliyokuja kulijibu swali hilo ilianzia kwenye mabomba ya maji. Maji magumu, yenye chokaa, huacha ukoko ndani ya mabomba na mabirika, na viwanda vilikuwa vikitia aina za fosfati ndani ya maji ili ukoko usigande. Herbert Fleisch, mtafiti wa Uswisi, alijiuliza jambo ambalo ukilisikia unashangaa kwa nini hakuna aliyeliuliza mapema. Damu na mkojo wetu vimejaa kalsiamu na fosfati. Kwa nini sisi wenyewe hatugandi kama birika? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akagundua kwamba mwilini imo pirofosfati, jamaa wa zile fosfati za mabombani, nayo huzuia ugandaji.

Akatamani kuitumia kama dawa, lakini ikimezwa huvunjwavunjwa na vimeng'enya. Huko Marekani, Marion Francis wa kampuni ya Procter & Gamble alikuwa akitafuta dawa ya kuzuia ugaga wa meno, naye alikuwa na kemikali zilizofanana na pirofosfati ila atomi ya oksijeni ya katikati imebadilishwa na kaboni. Kiungo hicho vimeng'enya havikiwezi. Fleisch, Francis na Graham Russell, daktari kijana kutoka Uingereza aliyekwenda kufanya kazi Davos, walizijaribu, na mwaka 1969 wakatangaza kwamba kemikali hizo, ambazo leo huitwa bisfosfoneti, hung'ang'ania juu ya mfupa na kuzuia usiliwe. Seli mbomoaji inapong'ata mfupa, huimeza dawa pamoja na tonge, ikaishiwa nguvu.

Maarufu kati ya jamaa hizo ni alendroneti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995. Anayeitumia anazijua taratibu zake: asubuhi kabla ya chai, tumbo tupu, maji matupu bilauri nzima, kisha nusu saa ukiwa wima, usirudi kulala, usile. Tumbo hunyonya chini ya asilimia moja ya kidonge, na hata maziwa kidogo huipoteza sehemu hiyo. Ukilala, kidonge hukwama kooni na kuchoma. Kikongwe anayeketi wima kitandani akisubiri nusu saa ipite anafanya kazi ya haki.

Na ilikuwa kazi yenye malipo? Mwaka 1996 Dennis Black na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 2,027 waliokwisha vunjika pingili. Nusu walipewa alendroneti, nusu kidonge kitupu, kwa takriban miaka 3. Kwenye eksrei, pingili mpya zilivunjika kwa wanawake 145 wasiopewa dawa na 78 waliopewa. Nyonga zilivunjika 22 upande mmoja na 11 upande wa pili. Magazeti yaliandika kwamba mivunjiko ya nyonga imepungua kwa nusu, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba katika wanawake elfu moja waliomeza dawa, waliookolewa nyonga ni 11. Mimi nadhani mwanamke anapaswa kuambiwa hesabu zote mbili, kisha aamue. Na 11 si wachache kwa anayejua nyonga iliyovunjika inamfanya nini mzee: wengi hawarudi kutembea kama zamani, na wapo wasioumaliza mwaka.

Baadaye bisfosfoneti nazo zilionyesha madhara. Kuanzia mwaka 2003 madaktari wa meno waliripoti wagonjwa ambao mfupa wa taya ulikufa, na baada ya hapo wakaonekana wengine ambao mfupa wa paja uliokaa na dawa miaka mingi ulikatika katikati kama chaki. Ni matukio machache sana yakilinganishwa na mivunjiko inayozuiwa. Lakini hofu husafiri kwa kasi kuliko hesabu, na wengi waliohitaji dawa wakaiacha.

Estrojeni nayo ilipata hukumu yake Julai 2002. Wanawake 16,608 wa Marekani, umri wa miaka 50 hadi 79, walikuwa wamegawanywa, wengine wakipewa estrojeni pamoja na homoni nyingine iitwayo projestini, wengine kidonge kitupu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Nyonga zilizovunjika zilikuwa 44 kwa waliopewa homoni na 62 kwa wasiopewa: alichokidai Albright kikathibitishwa, miaka 61 baada ya hesabu yake. Lakini saratani ya matiti ilikuwa 166 dhidi ya 124, na kiharusi na maradhi ya moyo yaliongezeka. Umri wa wastani wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi siku nyingi, na ubishi juu ya wale wa miaka ya hamsini haukuisha siku hiyo. Ila kama dawa ya kwanza ya mifupa, estrojeni ilishuka kitini.

Estrojeni na bisfosfoneti zote huwazuia wabomoaji. Nani awasaidie wajenzi? Jibu moja lilitoka kusini mwa bara letu, kwenye familia zenye tatizo la kinyume.

Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini zipo familia ambamo mara kwa mara huzaliwa mtoto ambaye mifupa yake haiachi kunenepa. Baadhi yao huzaliwa vidole vimeshikana. Wakikua, taya hupanuka na paji la uso huchomoza, mishipa ya fahamu inayopita katika matundu ya fuvu hubanwa, uso hupooza upande, masikio huziba. Fuvu likizidi kunenepa kwa ndani, ubongo hukosa nafasi, na wapo waliokufa ghafla. Ugonjwa huo huitwa sklerosteosisi. Peter Beighton, mtaalamu wa urithi wa Cape Town, na Herman Hamersma, mpasuaji wa masikio, walizifuatilia familia hizo kwa miaka mingi, wakichora koo zao na kuwatibu wagonjwa wao. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yalitambua jeni iliyoharibika. Kwa kawaida jeni hiyo hutoa protini iitwayo sklerostini, ambayo seli zilizozikwa ndani ya mfupa huitumia kuwaambia wajenzi, basi, inatosha. Wagonjwa hao hawana sauti hiyo.

Kilichowapa watafiti ujasiri ni wazazi wa watoto hao. Wao wana nakala moja tu iliyoharibika. Mifupa yao ni mizito kuliko ya watu wengine, na mabalaa ya watoto wao hawana. Maana yake sauti hiyo ikipunguzwa kwa kiasi, mtu hufaidika bila kuangamia. Ikatengenezwa romosozumabu, sindano inayokamata sklerostini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wanawake 4,093 waliokwisha vunjika walipewa ama sindano hiyo kwa mwaka mmoja kisha alendroneti, ama alendroneti tangu mwanzo; waliotangulizwa sindano walivunjika pingili mpya pungufu kwa asilimia 48. Mashambulizi ya moyo na kiharusi yalionekana kidogo zaidi upande wa sindano, na Marekani ilipoiruhusu mwaka 2019 iliweka onyo juu ya hilo. Dawa hii imezaliwa kwa mateso ya familia za huku Afrika, na wanawake wengi wa bara hili hawatakaa waione, kwa bei yake.

Bei si sababu pekee; nyingine ni kutohesabiwa. Mwaka 1968 Louis Solomon aliandika kwamba Waafrika weusi wa Johannesburg huvunjika shingo ya paja mara chache mno wakilinganishwa na Wazungu. Aliandika alichokiona. Lakini wengine waliendelea kulisema hilo kwa miongo mingi kama kwamba ni sheria ya maumbile, bila kuuliza kama wazee walikuwa wengi kiasi cha kuhesabika, wala ni wangapi walioungwa mfupa na mganga kijijini na kulala kitandani hadi mwisho bila jina lao kuingia katika daftari la hospitali yoyote. Ni hivi karibuni tu ambapo watafiti nchini Gambia, Zimbabwe na Afrika Kusini wameanza kuwahesabu waliovunjika nyonga kwa makini, wakiwafuata hata nje ya wodi.

Huko nchi tajiri nako, dawa zikiwa kabatini, jambo la ajabu lilionekana. Mwanamke huvunjika kifundo cha mkono akiwa na miaka 56, anafungwa plasta, anaruhusiwa. Baada ya miaka kumi anarudi amevunjika pingili, kisha nyonga. Kila mara fundi wa plasta ameifanya kazi yake vizuri, na kila mara hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa ulivunjika. Mwaka 1999 hospitali za Glasgow, mji uleule wa Lindsay, zikiongozwa na daktari Alastair McLellan, zilianza utaratibu wa kawaida kabisa. Nesi aliyefunzwa kwa kazi hiyo humtafuta kila aliyevunjika mfupa mwenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wodini au kwenye chumba cha plasta, na kumpangia kipimo cha mifupa. Hakuna mashine mpya wala molekuli mpya hapo, na nchi nyingi zimeuiga.

Nesi hukaa karibu na mgonjwa ambaye plasta yake bado mbichi. Anataka kujua alianguka kutoka wapi. Wengi hujibu kwamba hawakuanguka kutoka popote, walikuwa wamesimama tu. Nesi huyaandika hayo, na hapo ndipo kazi yake inapoanzia.